Baridi ya Mama Pasi

Mama Pasi alipotangaza kwamba anahamia mlimani, mwanawe wa kwanza alicheka, mwanawe wa mwisho alilia, na shemeji yake akauliza kama kile kiporo cha jana bado kipo. Ndiyo familia yenyewe hiyo. Walikuwa wamekusanyika sebuleni kwa huyo mwana wa kwanza, feni inazunguka kichovu darini, jasho linawatiririka wote, na mama mtu amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mikono kaiweka mapajani. Mikono yenyewe ilikuwa na makovu ya moto kuanzia vidoleni mpaka viwikoni. Mpiga pasi asiye na makovu hayo bado yuko kwenye majaribio.

"Mlimani ukafanye nini, mama?" aliuliza yule mwana, ambaye nyumbani walimwita Mkubwa tangu akiwa mdogo. Mkubwa alikuwa mtu wa bima. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu mabaya yote yanayoweza kuwapata, na kazi hiyo ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mifupa. Akiona ngazi, anaona mtu ameanguka. Akiona mtoto anakula pipi, anaona mazishi.

"Nikasikie baridi," alisema Mama Pasi.

"Baridi?"

"Baridi, ndiyo. Ile inayowafanya watu wajifunike."

"Mama, watu wazima wanaikimbia baridi. Wewe unaifuata?"

"Wao waikimbie. Itanibakia nyingi."

Jamani, huyu mama tumwelewe kwanza. Tangu hajaolewa mpaka amekuwa bibi, alisimama kwenye chumba cha nyuma cha dobi mmoja mkubwa wa mjini, chumba cha bati, dirisha moja, na hilo dirisha lenyewe lilitazamana na bomba la mvuke. Humo ndimo alimonyooshea mashuka ya mahoteli. Mashuka yanakuja yamekunjamana, yanaondoka yamenyooka, moto bado umo ndani yake, yanakwenda kulaliwa na watu asiowajua. Yeye akirudi kwake usiku hataki hata kanga mwilini. Alilala sakafuni kwenye saruji, kalowa jasho, anamlaani aliyevumbua makaa.

Sasa siku moja utingo wa gari la dobi alishikwa na tumbo, akapandishwa Mama Pasi badala yake wapeleke mashuka kwenye nyumba moja ya wageni huko juu mlimani. Gari likapanda, likapanda, masikio yakaziba, yakazibuka. Aliposhuka, hewa ikamkamata usoni. Dereva akamwona anakwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe wa ile nyumba, anaulaza shavu lake hapo, kisha la pili, kisha paji la uso. Akadhani mama wa watu ameanza kurukwa na akili.

"Mama, vipi?"

"Niache kidogo," Mama Pasi alimjibu, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Ukuta wa baridi, mwanangu. Wa baridi!"

Tangu siku hiyo hakuwa na wimbo mwingine. Alipostaafu, kiinua mgongo chake chote kilikwenda kwenye kipande cha ardhi kule juu, na hakumwambia mtu mpaka msingi ulipokwisha kuchimbwa. Ndiyo maana ya kikao kile, na feni ile, na kicheko kile.

Binti yake, yule wa mwisho, alikuwa nesi, na kwa sababu hiyo kila mtu alimwita Nesi, hata mama yake. "Kifua chako, mama," alisema huku anafuta machozi. "Nimonia haibishi hodi."

"Basi haitasumbua jirani."

Mkubwa akaona hapa matani hayatasaidia. Akakohoa kile kikohozi chake cha ofisini. "Haya, nenda. Hatukufungi kamba. Lakini tuwekeane masharti. Utakaa huko kipupwe kimoja. Ukimaliza kipupwe hujaugua, hatutasema neno tena mpaka tunakufa. Ila ukiugua, unashuka, unakuja kukaa nasi hapa, kile chumba cha uani."

Kile chumba cha uani kila mtu alikijua. Kilikuwa cha bati kama cha dobi, na mlango wake ulitazamana na mlango wa mapacha wa Mkubwa, ambao walikuwa na umri wa kuvunja kila kitu. Yaya wa mwisho alitoroka akaacha hata viatu vyake.

"Ukisema kuugua, una maana gani?" Mama Pasi aliuliza.

"Chochote. Hata mafua."

"Hata mafua?"

"Ukipiga chafya, unafunga mizigo. Unaahidi?"

Mama Pasi akawatazama wanawe, mmoja mmoja. Hakuwahi kuwadanganya, na wao walilijua hilo. "Naahidi," alisema.

Nyumba aliijenga yule shemeji, mdogo wa marehemu mumewe, fundi mwashi mwenye mkono mzuri na kichwa kigumu. Shida ni kwamba maisha yake yote alikuwa amewajengea watu wa joto. Mkono ulizoea, ukafanya kama ulivyozoea. Akaweka madirisha mapana yanayotazama upande upepo unakotokea, maana ndivyo nyumba nzuri inavyojengwa. Akaweka matundu ya hewa juu ya kuta zote nne, ya mauamaua, ya kupendeza. Kibaraza akakificha jua lisikione kabisa. Akasimama mbali, akaitazama kazi yake, akaridhika, akashuka zake mjini akisema hapo sasa hata mchana wa jua kali shemeji yake hatalalamika.

Jua kali, huko juu! Watu wa mlimani walikuja kuitazama nyumba ile kama watu wanaotazama ajali.

Wa kwanza kuja alikuwa mwanamke mmoja mkavu, mfupi, aliyeuza maziwa nyumba kwa nyumba akiwa na kofia ya sufu iliyomfunika mpaka kwenye nyusi. Akaizunguka nyumba yote kimya, kisha akatua ndoo yake chini.

"Unafuga njiwa?" aliuliza.

"Hapana. Ninaishi mimi."

"Aa." Akayahesabu matundu kwa kidole. "Basi utaruka wewe."

Mama Pasi akampenda hapo hapo. Muuza Maziwa naye, kama alimpenda, alijua kuficha, maana siku ile ile alikwenda kuweka dau la kuku na fundi viatu wa pale njia panda kwamba yule mama wa mjini hatamaliza kipupwe.

Kipupwe kikaingia. Sasa hapa tuseme kweli, maana Mama Pasi mwenyewe alichelewa sana kuisema: alikiona cha moto, kama baridi inaweza kuitwa moto. Upepo uliingia kwenye tundu la mashariki, ukapita juu ya kitanda chake, ukatokea tundu la magharibi bila hata kumwamkia. Maji kwenye ndoo yalifanya utando mgumu asubuhi. Alivaa soksi juu ya soksi, gauni juu ya gauni, na koti la marehemu juu ya vyote, na bado meno yaligongana. Mkubwa alikuwa akipiga simu kila jioni.

"Habari za huko, mama?"

"Nz-z-zuri."

"Mbona sauti inatetemeka?"

"Mtandao," alisema Mama Pasi. "Mtandao wa huku unatetemeka sana."

Akikata simu anajikunyata kitandani, shuka kama bati lililolala nje, anajiuliza: mwanamke wewe, hii ndiyo raha uliyoililia? Mtu mwingine angefunga virago. Mama Pasi alikasirika. Hasira zake ndizo zilizomfanya ainuke, afungue sanduku, atoe pasi yake ya mkaa, ile ya chuma yenye jogoo mdogo kwenye kifuniko. Akaapa kwamba hakuibeba ile pasi mpaka huku juu ije kumtazama akifa. Akaijaza makaa mekundu kutoka jikoni, akaipepea, akatandua blanketi, akaanza kukipiga pasi kitanda chenyewe. Akanyoosha shuka la chini kuanzia kichwani mpaka miguuni, upesi upesi, mkono mmoja unapita na pasi na mwingine unafunika nyuma yake na blanketi ili joto lisitoroke. Akaiweka pasi nje, akavua koti, akajitumbukiza.

Loo!

Mashuka ya moto yakamkumbatia kuanzia visigino mpaka shingoni. Joto lilitoka chini, baridi ikabaki puani tu, na pua ikiwa baridi huku mwili una joto, jamani, hakuna raha inayoifikia. Alilala pale macho wazi. Mashuka aliyoyanyoosha maishani mwake yangetosha kuufunika mji ule wote na vitongoji vyake, na hakuna hata moja alilowahi kulilalia likiwa na moto wake. Watu walikuwa wakiipata raha hii kila siku kutoka mkononi mwake, wala hawakumwambia! Akaanza kucheka peke yake, akacheka mpaka kitanda kikalalamika.

Kuanzia hapo mambo yakapata njia. Matundu aliyaziba kwa vitambaa, akaacha mawili wazi kwa ajili ya moshi wa mkaa, maana mkaa kwenye chumba kilichofungwa humlaza mtu asiamke. Madirisha akayatundikia mapazia mazito mawili mawili. Kibaraza akakihama, akaweka kigoda chake nyuma ya nyumba kule jua linakopiga, akawa anakaa hapo asubuhi na kikombe cha maziwa ya moto, mikono imekizunguka, mvuke unampanda usoni, ukungu unapita chini yake kama vile yeye ndiye mwenye mali. Muuza Maziwa alikuwa anatua ndoo, anakaa naye, anamfundisha. Kwamba huku mtu hasemi baridi, anasema hewa. Kwamba supu hainywewi, inashikwa kwanza. Kwamba ukiamka ukakuta ukungu mlangoni, unarudi kulala, wala hakuna anayekuuliza.

"Hakuna anayeuliza?" Mama Pasi alishangaa.

"Amuulize nani, na yeye amelala?"

Kipupwe kilikuwa katikati, kwenye ile wiki mbaya ambayo majani ya nje huwa meupe asubuhi, ndipo mafua yalipomshika. Yalianza kooni, yakapanda puani, yakakaa. Hakumwambia mtu. Na kwa bahati mbaya, kama shetani aliandika ratiba, ndiyo wiki hiyo hiyo Mkubwa na Nesi waliyoamua kuja bila taarifa.

Muuza Maziwa ndiye aliyeleta habari, anahema, ndoo inamwagika. "Kuna gari la watu wa joto linapanda! Mmoja kavaa shati la mikono mifupi. Mwingine kandambili!"

"Ni wanangu hao," Mama Pasi alisema kwa sauti ya mtu aliyefungwa pua kwa kibanio.

Muuza Maziwa akamkazia macho. Alizijua habari za ile ahadi, maana mtaa mzima ulizijua. "Umeshikwa na mafua?"

"Nimeshikwa."

"Wakijua, unashuka?"

"Niliahidi."

Muuza Maziwa alisimama pale akifikiri. Alikuwa na kuku wake kwenye dau, na kuku huyo alikuwa anamjia mwenyewe kwa miguu. Akavuta pumzi. "Nitakaa jikoni," alisema. "Ikikujia chafya, kimbilia kwangu."

Watoto wakaingia. Ukweli usifichwe, walitia huruma. Mkubwa midomo ilikuwa imegeuka rangi, mikono kaificha makwapani, na bado alikuwa anajaribu kukagua nyumba kwa macho ya bima. Nesi vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi ndani ya kandambili. Na nyuma ya gari, Mama Pasi aliona kupitia dirishani, kulikuwa na maboksi matupu na kamba. Hawakuja kumwona. Walikuja kumpakia.

Moyo ulimuuma, tusizunguke. Aliwakumbatia wote wawili, akawavalisha blanketi, akawaweka karibu na moto, na wakati wote huo alikuwa anayaona yale maboksi.

"U mzima, mama?" Nesi alimkazia macho. "Pua yako nyekundu."

"Ni moto. Nilikuwa napuliza kuni." Na hapo hapo puani pakaanza kuwasha. "Ngoja nilete maziwa!"

Akaruka jikoni. Chafya ikalipuka, sufuria zikatikisika. Muuza Maziwa akachungulia sebuleni na kofia yake ya sufu, uso mkavu. "Mnisamehe," aliwaambia. "Kifua changu."

"Pole sana, mama," Nesi alisema. "Umekwenda hospitali?"

"Sijambo. Kwetu chafya ni ya ukoo."

Ikatokea tena. Na tena. Kila Mama Pasi akikimbilia jikoni, kuna mlipuko, na kila mlipuko Muuza Maziwa anatokeza kichwa anaomba radhi, mpaka Nesi akaanza kumwandalia dawa na Mkubwa akahamisha kiti chake mbali na mlango wa jikoni asije akaambukizwa.

Jioni ikaja na baridi yake. Mkubwa alitangulia kusema. Alisema nyumba ina hatari, mkaa ni hatari, barabara ni hatari, jirani anayepiga chafya ni hatari. Alikuwa anasema akitetemeka hivi kwamba maneno yalitoka vipande. Mama Pasi alikwenda chumbani, akawatandikia godoro chini.

"Sisi tunalala chini?" Mkubwa aliuliza. Maisha yake yote mama yake alikuwa akimpa kitanda yeye analala chini.

"Kitanda ni changu," alisema Mama Pasi. "Nimekifuata mbali."

Lakini mama ni mama. Alijaza pasi makaa, akapiga magoti, akalinyoosha lile godoro lao lote kwa shuka lake, mkono mmoja unapita na mwingine unafunika. Wakaingia. Kisha Mkubwa, mtu mzima, mwenye funguo za ofisi na kitambi, akatoa sauti ambayo mama yake hakuwa ameisikia tangu alipomwachisha ziwa.

"Mama," alisema Nesi kutoka gizani chini ya blanketi, "hiki ni kitu gani?"

"Shuka," alijibu Mama Pasi. "Laleni."

Waliamka jua limepanda, nywele zimesimama, nyuso laini. Mkubwa hakuwa amekumbuka simu yake. Walikaa mezani wakanywa maziwa kimya kimya, mikono imezunguka vikombe, na kwa muda mfupi Mama Pasi akadhani yamekwisha, kwamba joto limewasemesha vizuri kuliko yeye. Muuza Maziwa alikuwa njiani na ndoo zake, jikoni hakuna mtu. Mkubwa akaweka kikombe chini.

"Mama, nimelala vizuri, sikatai. Lakini—"

Chafya ikaja. Haikubisha hodi. Ilimtoka pale pale mezani, mbele ya wanawe, ikapeperusha makombo ya mkate mpaka kwenye shati la Mkubwa.

Mkubwa akapangusa shati.

"Ile ni chafya," Mkubwa alisema polepole.

"Ni chafya," mama yake alikubali.

"Una mafua."

"Ninayo. Na yule wa jikoni hana kitu, mzima kama chuma. Nesi, rudisha dawa zako mkobani."

Nesi alikuwa amekwisha kuinuka, mkono unakwenda kwenye paji la uso la mama yake. "Kaa chini," mama akamwambia, na Nesi akakaa.

Mkubwa hakufurahi kushinda. Hilo tumpe. Alitazama meza, akayasukuma makombo kwa kidole. "Tuliwekeana masharti, mama."

"Tuliwekeana."

"Uliahidi mwenyewe, mbele yetu wote. Na wewe ndiye uliyetufundisha. Ahadi ni deni."

"Basi nidai," alisema Mama Pasi.

"Unasemaje?"

"Nidai, mwanangu. Mwite baba yako mdogo awe shahidi, ita na majirani. Niliahidi mbele yenu, ni kweli, na leo naivunja mbele yenu, mchana kweupe, pua inanitoka. Sishuki."

"Mama, huwezi tu—"

"Nimekwisha kuweza."

"Na wale watoto atawalea nani?" Mkubwa alipaza sauti, na alipoisikia mwenyewe akanyamaza. Masikio yakamwiva. Nesi akageuza uso, akatazama pazia.

"Ahaa," Mama Pasi alisema. "Sasa tumefika. Njia yote hii, nimonia, barabara, mkaa, kumbe tulikuwa tunakwenda hapo." Hakupaza sauti. "Atawalea baba yao. Atawalea mama yao. Ni watoto wazuri, wavunjaji, nawapenda, waleteni waje kuvunja huku likizo. Lakini kulea nililea, Mkubwa. Nilikulea wewe."

"Hatukuoni kama yaya, mama. Tunakupenda."

"Najua mnanipenda. Ila mnanipenda nikiwa nimesimama." Akakohoa, akapangusa pua kwa upindo wa koti, wala hakuficha. "Hebu niambieni. Mmewahi kuniona nimeugua?"

Walifikiri. Walifikiri kweli kweli, mtoto wa kwanza na wa mwisho, wakapekua miaka yote.

"Hujawahi," Nesi alisema. "Hata siku moja. Mimi huwa nawaambia wagonjwa wangu, mama yangu hajawahi kuugua."

"Usiwaambie tena. Nimeugua sana. Niliugua malaria, niliugua mgongo, nilipotoka kumzika baba yenu niliugua kitu ambacho hata jina sikukijua. Niliugua nimeshika pasi. Mashuka yalikuwa yanaondoka alfajiri, na nyinyi mlikuwa mnataka kula." Akapangusa pua tena. "Nilikuja huku kutafuta raha. Mlicheka, na mimi nacheka, maana nilipofika nilikaribia kuganda. Lakini nimeipata. Sasa mwataka niiache kwa sababu ya mafua? Mafua ni yangu. Nyumba ni yangu. Kama nitakufa kwa baridi nitakufa nimefurahi, na wewe, mtu wa bima, hakuna karatasi yako inayolipa hilo."

Nesi alikuwa analia, lakini si kile kilio cha sebuleni kwenye feni. Alizunguka meza akamkumbatia mama yake kwa nyuma, mafua na yote. Mkubwa akainuka, akatoka nje. Walimsikia anafungua gari. Mama Pasi akakaza taya, akashika ukingo wa meza, akijiambia kwamba akirudi na kamba itabidi wambebe na hiyo meza.

Akarudi na maboksi matupu. Akayakunja mbele yao moja baada ya jingine, akapanda juu ya kiti, na akaanza kuyasokomeza kwenye yale matundu mawili yaliyobaki wazi.

"Hayo acha," mama yake alisema. "Ya moshi."

"Aa." Akashuka. Akabaki ameyashika hajui ayafanyeje, mwanaume mzima na maboksi yake. "Basi ya kuwashia moto."

"Ya kuwashia moto," alikubali mama yake.

Waliondoka ukungu ulipofunguka. Nesi alivaa soksi za mama yake ndani ya kandambili, kidole kimoja kimebanwa vibaya. Mlangoni alisita, akauliza kwa sauti ya chini kama asingeweza kubaki wiki mbili, au mwezi, kule kazini wamemchosha, atasaidia kupika, atakuwa kimya. Mama Pasi alimshika mashavu kwa ile mikono ya makovu. Alimtazama huyu kitinda mimba wake, na kila kitu ndani yake kilitaka kusema ndiyo.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Njoo kutembea, njoo ulale, njoo unywe maziwa yangu yote. Lakini usije kukaa. Nikikuona unatetemeka asubuhi nitaamka kukupikia, na nikishaamka nitakuwa nimerudi kazini. Katafute mlima wako."

Nesi akacheka huku machozi yanamtoka, akaingia garini.

Gari lilipopotea chini, Mama Pasi hakusimama kuliangalia. Alirudi ndani, hakuosha vikombe. Alinyoosha kitanda chake kwa pasi, akavaa kofia, akaingia na koti la marehemu na soksi zake na mafua yake yote, saa nne ya asubuhi, siku ya kazi.

Muuza Maziwa akabisha akaingia. "Wamekwenda?"

"Wamekwenda."

"Na wewe hukwenda." Akatua ndoo kwa nguvu. "Sasa kipupwe utakimaliza. Nimepoteza kuku."

"Pole."

"Alikuwa kuku mzuri." Akamtazama pale kitandani, pua nyekundu, macho mekundu. "Unaumwa kweli wewe. Nikae nawe?"

"Hapana, ahsante. Niwekee maziwa hapo kwenye kigoda, unifungie mlango. Nataka niumwe peke yangu."

Muuza Maziwa akafikiri, akaona ni jambo la maana. Akamimina maziwa, akafunga mlango taratibu. Mama Pasi akavuta blanketi mpaka kidevuni, miguu yake ikatafuta pale penye joto zaidi ikapata, akapiga chafya kwa sauti yake yote, na hakuamka kumnyooshea mtu yeyote chochote.